Nimesoma kitabu cha Rwanda, sasa naogopa kumuuliza baba. Ushauri wenu wakuu

Binti Kirumba:
Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Rafiki yangu kaniazima Left to Tell cha Immaculée Ilibagiza. Wengine mnakijua: mwanafunzi wa chuo, Mtutsi, anarudi kwao karibu na Ziwa Kivu kula Pasaka ya 1994, mauaji ya Watutsi yanaanza, mchungaji Mhutu anamficha bafuni na wanawake wengine saba kwa siku 91. Bafu lenyewe futi tatu kwa nne.

Nilikifungua kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Na kilichonimaliza si mapanga, ni kabati. Anamsihi mchungaji asogeze kabati mbele ya mlango wa bafu, wasakaji wakiingia wasijue kama nyuma yake kuna chumba. Basi usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuangalia mlango wa bafu langu. Mtu mzima, na ajira yangu.

Nikaanza kupekua habari za huku mpakani. Nikakuta jinsi watu zaidi ya 200,000 walivyovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili kuja Ngara, na mto Kagera ulivyokuwa ukishusha maiti mpaka Ziwa Victoria. Hapo ndipo nikamkumbuka baba.

Baba hali samaki. Sisi tumezaliwa Kirumba, Mwanza, sokoni kwa samaki ni pua na mdomo, lakini mama akipika sato baba anabandikiwa maharage yake. Tumemtania tangu utotoni, Mhaya gani anayekimbia sato? Anacheka, anasema ana aleji. Ninachojua ni kwamba mwaka huo wa 1994 alikuwa utingo wa lori lililopeleka mahindi kambi ya wakimbizi ya Benaco, hukohuko Ngara. Nalo nimelisikia kwa shangazi, mara moja tu, msibani. Yeye mwenyewe hajawahi kulitaja.

Je, nimuulize? Au nitakuwa nafukua makaburi?

Mzee wa Kupinga:
Mwache mzee ale maharage yake. Kitabu usome wewe, usingizi akose yeye?

Pweza Mkavu:
Aleji ya samaki ipo kweli jamani. Tusije tukawa tunatunga filamu hapa.

Binti Kirumba:
@Pweza Mkavu nilifikiri hivyo pia. Ila mama husaga dagaa kwenye unga wa lishe wa wajukuu, na kuna siku mzee alijipakulia ule uji akamaliza bakuli mbili. Hakuwashwa hata sikio. Mama akanikonyeza tu.

Pweza Mkavu:
😂😂 Haya nimekaa kimya.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, ngoja nikupe cha kwangu. Kitabu ambacho hakijaniacha ni cha Primo Levi, Myahudi wa Turin, mkemia, aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944. Mle kambini anaota ndoto moja inayojirudia, na anagundua wenzake nao wanaiota: yuko nyumbani, anawasimulia nduguze njaa na kitanda kigumu, nao hawamsikilizi. Wanaongea yao. Dada yake anamtazama, anainuka, anaondoka bila neno. Na kweli alipotoka na kuandika, mchapishaji mkubwa alimkatalia. Mwaka 1947 kampuni ndogo ikamtolea nakala 2,500 hivi.

Mimi nilikisoma nikiwa na baba mkwe aliyepigana Burma akiwa KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki. Kila alipoanza "kule Burma" sisi vijana tulikuwa tunaangaliana. Alikufa 1998. Nadhani umenielewa ninaelekea wapi, ila sikuamulii.

Mzee wa Kupinga:
Mwalimu, huyo mkwe wako alikuwa anaanza mwenyewe. Huyu mzee hajaanza. Ni vitu viwili tofauti.

Mwalimu Mstaafu:
Hapo umenipata. Nakubali.

Mvuvi wa Sango:
Naandika kutoka upande wa Uganda. Kasensero, Lambu na Ggolo kuna makaburi ya pamoja ya wale waliotolewa ziwani, na walioingia majini kuwatoa wengi ni wavuvi. Mwaka ule samaki walidoda, nani anunue? Kwa hiyo dada, mzee wako hakuwa peke yake. Wengi walikuja kurudi kula, njaa haina adabu. Yeye hakurudi, basi.

Nesi wa Zamu:
Mtoa mada, usimuulize habari za maiti, na usimuulize habari za samaki. Muulize lori. Lilikuwa Scania au Fiat? Walikuwa wanalala wapi njiani? Dereva alikuwa mtu wa wapi? Wodini wazee wa kiume nawafungua hivyohivyo: huanzii kwenye kidonda, unaanzia kwenye gari. Akitaka kufika Rusumo atafika mwenyewe, asipotaka mtakuwa mmeongea magari. Na kitabu usimpelekee.

Mzee wa Kupinga:
Hili la nesi hata mimi nalipitisha.

Binti Kirumba:
MREJESHO. Nimempigia jana jioni. Nikaanza na lori kama nesi alivyosema. Ni Fiat, tena alifurahi, akanieleza breki zake zilivyokuwa zikisumbua mteremkoni na jinsi yeye alivyokuwa akikimbia na kigogo kuzuia tairi la nyuma. Dakika kumi nzima. Halafu akanyamaza, akauliza: "Nani kakwambia habari za Benaco?"

Nikasema ni shangazi, ila pia nasoma kitabu cha msichana wa Rwanda aliyefichwa bafuni.

"Bafuni?"

"Ndiyo baba. Wanawake wanane. Walisogezewa kabati mlangoni."

Kimya. Nasikia televisheni ya huko nyumbani tu.

"Wakatoka?"

"Wakatoka, baba."

Akaniambia ngoja nimpe mama yako simu.

Nesi wa Zamu:
Usipige tena wiki hii. Akikupigia yeye, pokea hata kama uko kazini.