Naomba ushauri: kama Adamu asingeanguka, Yesu angekuja?

Shalom wapendwa, naombeni msaada wenu. Nafundisha vijana kanisani. Jumapili iliyopita binti wa kidato cha tatu ameniuliza: kama Adamu na Hawa wasingekula lile tunda, Yesu angezaliwa?

Nilimsomea 1 Timotheo 1:15, kwamba Kristo alikuja ulimwenguni awaokoe wenye dhambi. Naye papo hapo akafungua 1 Petro 1:20: alijulikana tangu zamani, kabla haijawekwa misingi ya dunia. "Basi mwalimu, mpango ulitangulia kosa." Darasa zima likanitazama.

Mzee mmoja ananishauri nipige marufuku maswali ya "kama". Sikubaliani naye kabisa. Yule binti anauliza kwa sababu anampenda Mungu. Katika kusoma nimekuta Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliona yafaa zaidi kusema asingekuja, kwa kuwa Maandiko yanataja dhambi kuwa sababu. Duns Scotus, mwanateolojia mwingine aliyefariki 1308, aliona angekuja tu.

Je, kuna andiko linalokata shauri hili? Na nimjibuje Jumapili hii bila kumzima, wala kumfundisha dhana kana kwamba ndiyo imani yenyewe?