Gumzo la ukoo, Ijumaa baada ya isha

Mama Zai: Jamani, Zai kaniletea video, ataka nimshonee gauni kama hilo la harusi ya rafiki yake. Mabega yamesimama kama paa la banda! Mvaaji anatembea kwa maringo, mara paa, kaanguka chali, mguu mmoja kaukunja. Nikasema huyu kazirai. Kumbe watu washangilia.

Zai: 😂😂 Mama hajazirai, ndio mtindo wenyewe. Unaitwa vogi

Mjomba Kassim: Hiyo ni ngoma ya mashoga wa Marekani. Zai hiyo simu nitaichukua.

Halima (New York): Shikamoo Mjomba. Ni yao kweli, hukukosea. Lakini kabla hujachukua simu, ngoja nikwambie ilikotoka. Mwaka wa tisa huu niko Harlem, hadithi zake ni za mtaani kwangu.

Mjomba Kassim: Marahaba. Haya sema, nasikia.

Halima (New York): Harlem palikuwa na chama cha watu Weusi, Hamilton Lodge. Walianza dansi lao la vinyago 1869. Kufika miaka ya 1920, waliokuja kutazamwa ni wanaume waliovaa magauni. Ukumbi wa Rockland Palace, mtaa wa 155, ulijaa maelfu ya watu, Weusi kwa Wazungu.

Halima (New York): Na Washington kulikuwa na mtu aliyezaliwa utumwani, William Dorsey Swann. Yeye akiandaa dansi za wanaume waliovaa magauni ndani ya nyumba za watu, kimyakimya. Aprili 1888 polisi wakawavamia. 1896 akafungwa miezi 10, akamwandikia Rais Cleveland kuomba msamaha. Akanyimwa.

Mama Zai: Miezi kumi kwa dansi??

Halima (New York): Walimbandika kesi ya kuendesha danguro.

Zai: Sasa zile nyumba? Kwenye video mtangazaji anaita "House of" sijui nani

Halima (New York): Hapo ndipo patamu. 1967 kulikuwa na mashindano ya urembo New York, wanaume wamevaa kike. Crystal LaBeija, Mweusi, akaona taji linapewa Mzungu kwa upendeleo. Akatoka jukwaani amefura, akamwaga maneno mbele ya kamera. Mipasho hiyo Shangazi ungeipenda 😅 Mwaka 1972 yeye na mwenzake Lottie wakaandaa la kwao Harlem, la Weusi. Wakajiita Nyumba ya LaBeija.

Mama Zai: Nyumba ya kupanga?

Halima (New York): Nyumba kama tunavyosema mlango wa fulani. Ina mama, ina baba, ina watoto. Wengi wao ni vijana waliofukuzwa kwao. Mama wa nyumba huenda naye ni kijana tu, lakini ndiye anayewalisha, anawatandikia sebuleni, anawafunza kutembea na kushona. Na wote wanabeba jina moja. Baadaye zikaja nyingine: Pendavis, Ninja, Xtravaganza. Hii ya mwisho ni ya Walatino, 1982, mama yao Angie.

Bi Mkubwa: 🎤 0:41

Zai: Naandika alivyosema Bibi kwa wasio na bando: "Hayo mbona twayajua. Babangu alikuwa wa ngoma ya beni, kundi la Arinoti, hapiti penye wapinzani wao Marini. Na sisi wanawake kwenye ngoma yetu ya lelemama tulishindana kwa nguo mpaka mtu anaweka bangili rehani. Ukishindwa, huonekani sokoni wiki nzima."

Halima (New York): 😂 Bibi basi ungewaelewa. Kule majaji wanainua vibao vya 10. Jaji mmoja akikunyima, umekatwa, shuka.

Halima (New York): Lakini lililonikaa mimi ni shindano moja la uhalisi. Mtu anavaa kama karani, au mwanafunzi, au mwanajeshi. Halina manyoya wala vimetameta. Majaji wanaangalia kitu kimoja tu: ukipanda treni hivyo, kuna atakayegeuka kukutazama? Maana ukigundulika njiani unapigwa. Kwa hiyo lile lilikuwa zoezi la kufika nyumbani.

Mama Zai: Eh.

Halima (New York): Vogi yenyewe jina lake limetoka kwenye jarida la mitindo la Vogue, wakiiga yale mapozi. 1990 mwimbaji Madonna akaichukua dunia ikaijua, na waliomchezea walikuwamo vijana wawili wa Xtravaganza. Lakini miaka hiyohiyo Ukimwi ulikuwa unawamaliza. Dansi moja la 1989 liliandaliwa kuchangisha pesa za ugonjwa huo. Angie alikufa 1993.

Mjomba Kassim: Mimi dini yangu iko palepale. Nimesoma tu.

Bi Mkubwa: 🎤 0:09

Zai: Bibi anauliza

Zai: Mjomba usikilize mwenyewe

Mama Zai: Nimesikia. "Kassim, mwanao wa Nairobi siku hizi anakula kwa nani?"

Mjomba Kassim: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Kassim: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Zai: Halima, hayo mabega ndani wanaweka nini? Kitambaa kigumu cha kola hakisimami hivyo, nimejaribu.

Halima (New York): Ningeshona mimi ningekata sponji ya godoro, Shangazi, nikaifunika kwa bitana.

Mama Zai: Zai, lile godoro la zamani lililoko stoo usilitupe.

Mjomba Kassim: Halima unayo namba yake mpya? Nitumie pembeni.