Ealoki imenyamaza siku ya tatu: bia imeiva au hamira imekufa?

Kimea_Kipya
Wakuu, naomba mwongozo. Ni bia ya ale (aina inayochachuka kwenye joto la chumba), lita 20, densiti ya mwanzo 1.048 (uzito wake ukilinganishwa na maji, kabla hamira haijala sukari), hamira kavu pakiti moja ya gramu 11. Iko kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko na ealoki, kile kizibo chenye maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Viputo vilianza saa 14 baada ya kuweka hamira, jana vikafuatana bila kupumzika, leo kimya kabisa. Chumba kina nyuzi 20. Niweke kwenye chupa, au niongeze hamira? Na kuna idadi ya viputo kwa dakika ambayo ikifikiwa unajua kazi imeisha?

Densiti
Usifunge chupa, na hamira usiongeze. Idadi hiyo ya viputo haipo.

Ealoki inakuambia kitu kimoja tu, kwamba gesi inapita pale. Sukari iliyobaki haiijui. Kifuniko kikikaa vibaya au mpira wa tundu ukilegea, gesi inatokea pembeni na wewe unaona kimya huku bia inachachuka kwa nguvu. Kinyume chake pia hutokea: bia iliyokwisha kuiva ikipata joto, gesi iliyoyeyuka ndani yake inatoka, na viputo vinarudi ingawa hamira imeshamaliza kazi.

Kagua kama panavuja. Bonyeza kifuniko kidogo sana, ushikilie hapo hapo. Maji ya ealoki yakisogea na kubaki yamesogea, kifuniko kinaziba. Yakirudi usawa wakati bado umebonyeza, panavuja. Achia polepole, maji yasije yakavutwa ndani ya bia.

Kitakachokupa jibu ni haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia densiti. Kwanza itumbukize kwenye maji safi ya nyuzi 20: nyingi hutengenezwa kusoma 1.000 kwa joto hilo, lakini soma karatasi yake. Ikisoma 1.002, basi punguza 0.002 kila unapopima. Chota sampuli kwa kifaa kilichotakaswa, imimine mara kadhaa kati ya glasi mbili ili gesi itoke, kisha zungusha haidromita kwa vidole. Hatua hii ya gesi wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu vipimo: viputo vikiganda kwenye haidromita vinainyanyua na bia inaonekana nzito kuliko ilivyo. Soma kwenye usawa wa maji wenyewe, si pale yanapopanda kwenye kioo. Sampuli usiirudishe kwenye ndoo.

Povu_na_Mashapo
Naongezea macho, maana kufungua ndoo kila siku ni kuingiza hewa na vijidudu. Mulika tochi ubavuni mwa ndoo. Utepe wa uchafu wa kahawia ulioganda juu ya usawa wa bia unaonyesha povu lilipanda na kushuka, kwa hiyo hamira ilifanya kazi. Povu la ale nyingi hushuka kati ya siku ya 3 na ya 5, ila zipo hamira ambazo povu lake hubaki juu hata baada ya kumaliza. Kwa hiyo povu ni dalili tu, halitoshi kuamua siku ya kufunga chupa.

La pili ni joto. Siku ya kilele bia inaweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 zaidi ya chumba, kwa sababu hamira yenyewe inatoa joto. Kasi ikipungua bia inapoa, na hapo hamira huanza kuzama kabla haijamaliza. Bandika kipimajoto kwenye ubavu wa ndoo, kifunike kwa kitambaa kizito, ufuate hicho badala ya joto la chumba.

Kimea_Kipya
Asanteni. Kifuniko kinavuja kweli. Haidromita iko sawa kwenye maji, bia inasoma 1.020, na ina utamu kidogo. Imekwama?

Densiti
Bado ni mapema kuiita imekwama. Pointi 28 kati ya 48 (pointi moja ni 0.001 ya densiti) zimeliwa, yaani asilimia 58. Hamira nyingi za ale hufika karibu 75, hivyo tarajia kama 1.012. Pandisha joto la bia hadi nyuzi 21 au 22, iache siku tatu, upime. Kisha pima tena baada ya siku mbili. Vipimo viwili vikilingana na viko karibu na matarajio, imemaliza.

Ikigoma kwenye 1.020, usibahatishe. Chukua mililita 200 za bia hiyo kwenye chupa safi, ongeza hamira kavu nusu kijiko cha chai, funika kwa karatasi ya foili bila kukaza, weka mahali pa nyuzi 25 na utikise mara kwa mara kwa siku mbili. Sampuli ikishuka hadi 1.012, hamira ya kwenye ndoo imelala: ongeza joto, inyanyue kwa kuzungusha ndoo taratibu bila kuchanganya hewa, na ikishindikana weka hamira mpya iliyokwisha kuamka. Sampuli ikibaki 1.019, sukari iliyopo ni ile hamira hiyo haiwezi kula. Mara nyingi chanzo ni kimea kulowekwa kwenye maji yaliyozidi nyuzi 70.

Kwa nini nasisitiza: kila pointi moja, yaani 0.001, ikichachukia ndani ya chupa huongeza takriban nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia). Sukari ya kawaida inayowekwa wakati wa kufunga chupa ili bia ipate gesi, gramu 6 kwa lita, huongeza kama ujazo mmoja na nusu. Ukifunga ikiwa na pointi nne zilizobaki, umeongeza gesi kuliko hiyo sukari yote, na chupa zinapasuka.

Povu_na_Mashapo
Densiti ikitulia, fanya jaribio moja la mwisho. Weka sampuli kwenye chupa iliyofunikwa, ipashe hadi nyuzi 60 kwa dakika 20, ipoe, unuse. Ikinukia siagi, hamira haijamaliza kusafisha: ipe bia siku mbili au tatu zaidi kwenye joto lile lile, ndipo ufunge chupa.