Curl zinabaki zimening'inia kwenye seva ya kuchuja barua taka

mchunga_foleni
Wakuu, spamd yangu (programu ya SpamAssassin inayochuja barua taka) inatumia plagini niliyoiandika mwenyewe kwa Perl. Plagini inaita skripti angalia.sh, na angalia.sh inatumia curl (programu ya kuvuta data mtandaoni) kuuliza kama kiungo kilichomo kwenye barua kina sifa mbaya. Skripti ikizidi sekunde 10, plagini inaiua. Usiku kumetulia, asubuhi foleni ya barua ikijaa, mabaki ya michakato hiyo yanarundikana. Leo nimehesabu 63! Nikiwasha upya spamd yanafagiliwa yote, kesho yako palepale. Nimepandisha --max-children (idadi ya watoto wa spamd wanaochuja kwa pamoja) kutoka 5 hadi 20, ndiyo kwanza yakaongezeka. Mengine nimeyapiga kill -9 (amri ya kuua kwa nguvu) wee, hata hayashtuki.

bati_la_zamani
Weka killall curl kwenye cron (kipanga ratiba cha kazi) kila dakika tano, ukalale.

bomba_refu
Usimsikilize huyo, utaua na curl zisizo na kosa. Tuonyeshe `ps -eo pid,ppid,stat,etime,args`.

mchunga_foleni
Mistari miwili ya mfano (namba ya mchakato, namba ya mzazi, hali, umri, amri):
```
8114  7702  Z  11:40     [angalia.sh] <defunct>
8391     1  S  01:58:03  curl -s https://...
```
7702 ni mtoto wa spamd.

bomba_refu
Hapo una magonjwa mawili, mkuu. 8114 ni zombi: imeshakufa, ndiyo maana kill haiigusi. Imebaki jina tu kwenye jedwali, ikisubiri mzazi achukue taarifa ya kifo chake. Plagini yako inaua lakini haiziki. Baada ya kill, weka `waitpid($pid, 0)`.

8391 ndiyo mbaya zaidi, maana iko hai. Ulipoiua angalia.sh, curl aliyekuwa chini yake hakuguswa. Akabaki yatima, akalelewa na namba 1, mchakato wa kwanza wa mfumo. Na curl usipompa kikomo cha muda, seva ya upande wa pili ikipokea muunganisho kisha ikanyamaza, atasubiri tu. Weka `--max-time 8`, iwe chini ya zile 10 zako.

Kuwasha upya kunasafisha kwa sababu systemd (msimamizi wa huduma za Linux) huua kila kilichomo kwenye kundi la huduma hiyo, yatima wakiwemo.

mchunga_foleni
Nimebadilisha yote mawili jana usiku, na max-children nimerudisha 5. Leo saa nne asubuhi, foleni imejaa hasa: curl tatu, yenye umri mkubwa ina 00:07. Zombi hakuna. Hiyo waitpid niliiacha mwenyewe, tena nikaandika pembeni "nitarudi".