Kubadilisha programu ya ndani ya redio ya DMR kwa ajili ya mpiga redio asiyeona

Mpwa wa Maweni (Malindi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa redio. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu mwenye leseni ya redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara) na alama ya mwito ya Kenya inayoanza na 5Z4, naye amepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho. Ana redio ya mkononi aina ya TYT MD-UV380, ambayo huitumia kwenye masafa ya FM na pia kwa sauti ya kidijitali ya DMR kupitia hotspoti ndogo (kisanduku kinachoiunganisha redio na intaneti) iliyomo nyumbani. Tatizo ni kwamba menyu yote imo kwenye kioo, na kila anapotaka kubadilisha kundi la mazungumzo (kundi la wapiga redio wanaosikilizana kwenye DMR) hulazimika kumwita mtoto amsomee.

Nimesoma kwamba ipo programu mbadala iitwayo OpenGD77, ambayo humtamkia mtumiaji yale yaliyoandikwa kwenye kioo. Naomba kujua mambo matatu: je, redio inaweza kufa kabisa nikikosea katika kuibadilisha, je, sauti ya DMR itabaki kama ilivyo, na je, inawezekana redio imsemeshe mzee kwa Kiswahili? Redio hii ndiyo inayomkutanisha na rafiki zake kila jioni, na sitaki kuigusa kabla ya kuwa na hakika.

Fundi wa Amu

Wa alaykum salaam, mpwa. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuunganisha kebo.

Kuhusu kufa kwa redio, sehemu ndogo ya programu inayoiwasha na kupokea programu mpya haifutwi wakati wa kubadilisha. Ukikatikiwa na umeme kompyuta ikiwa katikati ya kazi, redio haitawaka kama kawaida, lakini ukikibonyeza kitufe cha kuongelea pamoja na kile kilicho juu yake huku ukiiwasha, taa itamulika nyekundu na kijani kwa kupokezana, na hapo utaanza upya. Hata hivyo, jaza betri kwanza.

Kinachostahili kuogopwa zaidi ni kuzipoteza takwimu za kalibresheni. Kila redio hupimwa kiwandani peke yake, na vipimo vyake vya nguvu ya kurushia na vya usahihi wa masafa huhifadhiwa ndani yake. Vipimo vya redio ya jirani, ingawa ni ya aina ileile, havikufai. Katika FM kosa dogo la masafa husameheka, lakini DMR hubeba data kwa kuyasogeza masafa hatua nne ndogo sana, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde ndani ya upana wa kHz 12.5, kwa hiyo redio iliyopoteza vipimo vyake itakatakata sauti hata ikiwa mezani kando ya hotspoti. Nakili kwanza mipangilio yote ya sasa kwa programu rasmi ya mtengenezaji. Kisha, mara tu baada ya kuweka OpenGD77, tumia programu yake ya kompyuta kunakili kumbukumbu yote pamoja na kalibresheni, uihifadhi mahali pawili. Faili ya mipangilio ya zamani haisomeki moja kwa moja upande wa pili, kwa hiyo chaneli zitapangwa upya.

Kuhusu sauti, DMR hutumia kodeki (njia ya kukandamiza sauti iwe data) ya AMBE+2, ambayo ni mali ya kampuni ya Digital Voice Systems ya Marekani, na waandishi wa OpenGD77 hawana ruhusa ya kuisambaza. Ndiyo maana wakati wa kuweka programu utaombwa uonyeshe faili ya programu rasmi ya mtengenezaji, ili kodeki ichukuliwe humo. Usiipuuze hatua hii, kwa sababu hata maneno atakayosomewa mzee yamehifadhiwa kwa kodeki hiyohiyo. Pasipo faili ile redio itakuwa bubu kwake hata akiwa kwenye FM.

Binti wa Mambrui

Mimi nitaongeza juu ya Kiswahili, kwa kuwa ndilo jambo linalonigusa zaidi.

Matamshi ya OpenGD77 ni faili inayopakiwa kando, iliyoundwa kwa vipande vifupi vya sauti: tarakimu, herufi, na majina ya menyu. Ipo zana ya kompyuta inayochukua orodha ya maneno na sauti zilizorekodiwa, ikazipitisha ndani ya redio yenyewe ili zikandamizwe kwa kodeki yake, kisha ikazikusanya kuwa faili moja. Kwa hiyo si lazima kumsubiri mtu wa mbali; mtu yeyote wa nyumbani mwenye sauti iliyo wazi anaweza kurekodi.

Ushauri wangu ni kuanza na tarakimu na neno “nukta”, kwa sababu masafa husomwa tarakimu moja moja: 145.500 itatamkwa “moja, nne, tano, nukta, tano”, na kadhalika. Hapa pana mtego wa lugha yetu. Kodeki hii huibeba sauti kwa biti 2450 tu kwa sekunde, na katika spika ndogo “tatu”, “tano” na “tisa” hukaribiana, huku “nne” ikififia kabla haijasikika vizuri. Rekodi polepole, feni ikiwa imezimwa, na uivute kidogo ile n ya kwanza ya “nne”. Kwa herufi, tumia majina yanayotumika hewani, yaani Z iwe “Zulu”, kwani mzee ameyazoea na hayachanganyiki. Majina ya menyu yaandikeni pamoja naye: akitaka “kundi” badala ya jina refu, liwe “kundi”.

Nahodha wa Shela (Lamu)

Neno moja tu. Programu hii ina mpangilio wa kuzuia kurusha nje ya masafa ya ridhaa, ambayo katika kanda yetu ni MHz 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Uache mpangilio huo ukiwa umewashwa. Sisi tulioko majini tunaisikiliza chaneli 16, yaani MHz 156.800, kwa ajili ya wito wa dharura, na mtu asiyeona vitufe anaweza kuteleza pasipo kukusudia.

Mpwa wa Maweni (Malindi)

Nawashukuru sana, mafundi wangu, nawe dada wa Mambrui. Mipangilio ya sasa nimekwisha kuinakili, na faili rasmi nimeipakua. Nilipomsomea mzee majibu yenu, alitaka tarakimu zirekodiwe na shangazi, kwa kuwa sauti hiyo anaitambua hata redio ikiwa imepunguzwa sauti. Kesho baada ya Alasiri tutafunga madirisha na kuanza na “sifuri”.