Mdogo wangu anatapika kila anachokula, kliniki wanampa hongera kwa kupungua

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kukata kitambi.

Niko Moshi, Pasua. Naishi na mdogo wangu wa kike, ana miaka 21, anasoma chuo hapa hapa mjini. Mwezi wa tatu alikuwa na kilo 94. Magoti yalikuwa yanamsumbua na presha ilisoma juu alipopimwa duka la dawa, nikampeleka hospitali. Jina la hospitali silitaji, msinibembeleze.

Mkanda wa kupimia presha haukumtosha mkono. Ulifunguka wenyewe mara mbili, prrr, nesi akacheka, kisha akaushikilia kwa kiganja mpaka mashine ikatoa namba. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma presha ya juu kuliko iliyopo. Mimi nimelijua hilo baadaye, wao wamelisomea. Lakini mkanda mkubwa haupo, na ukiangalia foleni ya kliniki ile karibu yote ni akina mama wenye miili yao.

Daktari hakuinua macho kwenye faili. "Binti, mbona una mwili wa mama wa watoto sita? Punguza kula." Akapewa karatasi iliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimeliwa: epuka mafuta, epuka wanga, tembea nusu saa. Arudi baada ya mwezi kupimwa uzito. Basi. Hiyo ndiyo tiba ya unene niliyoiona mimi: mizani na masimango.

Shirika la Afya Duniani linauita unene uliopitiliza ugonjwa sugu, kama kisukari. Mtu wa kisukari akienda kliniki haambiwi "acha kuwa na sukari" halafu akafukuzwa na karatasi. Na mwili ukipungua haraka, homoni za njaa zinapanda na ile ya kushiba inashuka, mwili unadai deni lake. Hakuna aliyemweleza hayo. Akaachwa apambane na njaa yake peke yake, na masimango yale kichwani.

Mwezi wa nne akarudi na kilo 89. Hongera. Mwezi wa tano 84. Hongera sana. Mwezi wa saba akapanda mizani ikasoma 77. Nesi akamwita mwenzake wa dirisha la pili, "Njoo umwone huyu!", halafu mbele ya foleni nzima: "Mrembo, umewezaje? Hebu tufundishe na sisi." Mdogo wangu akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimemshikia mkoba, na mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Kilo 17 kwa miezi minne na hakuna HATA MMOJA aliyeuliza zimetokaje.

Zilitoka hivi. Mchana kutwa hali kitu, maji na ile chai ya kupunguza mwili anayoagiza Insta, boksi elfu 35. Nimeifungua pakiti, nimeinusa: ni sanamaki, ile ile bibi zetu walitunywesha tumbo likifunga, imewekewa boksi la pinki na picha ya kiuno. Namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa, hamna. Sanamaki inaharisha, kwa hiyo inatoa maji na chumvi za mwili. Mafuta haiyagusi, chakula kinakuwa kimeshafyonzwa juu huko kabla haijafanya kazi. Na hiyo ni afadhali. Kuna nyingine zimewahi kukamatwa nchi za watu zimechanganywa sibutramini kimya kimya, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo.

Usiku ndio mambo yanageuka. Nilikuwa naamka nakuta sufuria ya ndizi nyama niliyoiweka ya kesho imebaki mchuzi. Mkate mzima umeisha. Kopo la Blue Band lina alama za kijiko. Nikadhani ni njaa ya daieti, nikawa naficha chakula (ndiyo, nilificha, na sasa najua nilizidisha). Baada ya kula anakwenda kuoga. Saa saba usiku. Anafungua bomba kwenye ndoo tupu ya bati, ile kelele yake mnaijua, na ndani ya kelele hiyo anatapika. Miezi minne nimelala chumba cha pili nasikia ndoo inajaa.

Nilipomsikia kweli, nikampeleka tena hospitali, nikasema wazi: huyu anatapika. Kipimo cha kwanza? Mimba. Hana. Cha pili malaria, cha tatu taifodi, cha nne bakteria wa vidonda vya tumbo. Akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Wakuu, nchi hii mtu akishika tumbo tu ana vidonda. Mashavu yalikuwa yamemvimba chini ya masikio, jirani akasema matumbwitumbwi. Mama akapiga simu kutoka Kibosho: aombewe, na akatuma mtori. Mtori! Nilicheka nikalia.

Mwezi wa nane alianguka bafuni. Safari hii tulimkuta daktari kijana aliye kwenye mafunzo, usiku, peke yake, macho mekundu kwa usingizi. Hakuanza na karatasi. Aliushika mkono wa kulia wa mdogo wangu, akaugeuza, akaangalia vifundo vya vidole. Vina makovu madogo, pale meno yanapokwaruza mtu akijiingiza kidole kooni. Nimemwoshea mkono huo tangu mtoto na sikuwahi kuyaona. Akauliza taratibu, "Dada yangu, unajitapisha mwenyewe?" Akaitikia kwa kichwa tu.

Potasiamu ilikuwa 2.6. Ya kawaida inaanzia 3.5. Kutapika na kuharisha vinaimaliza, na ikishuka moyo unapoteza mapigo. Walimtundikia dripu ya potasiamu pole pole usiku kucha, kwa sababu ikiingia kwa kasi nayo inaua. Yule kijana aliniambia ugonjwa unaitwa bulimia, yaani kula kwa pupa kisha kujitapisha, na walifundishwa kipindi kimoja tu chuoni. Kimoja, na kimemwokoa mdogo wangu. Wale mabingwa wa hongera walikosa wapi?

Kwa nini hawakuona? Kwa sababu kwenye vichwa vyao mgonjwa wa ulaji ni msichana wa kizungu aliyebaki mifupa. Mdogo wangu hata kwenye kilo 77 mizani bado inamwita mnene, kwa hiyo kila kilo inayoondoka ni ushindi, hata ikiondoka na moyo wake. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida au zaidi. Na kuna wanaokula kwa pupa bila kujizuia na hawatapiki, huo nao ni ugonjwa kamili, umo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013 na kwenye orodha mpya ya magonjwa ya dunia iliyoanza kutumika 2022. Naapa nusu ya waliokuwa kwenye benchi lile wanao, na wanapewa karatasi.

Sasa tiba. Tumepewa rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Mama kusikia tu akauliza kama mtoto anapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Daktari pale ni mtu mzuri, nasema kweli, kamwandikia fluoksetini, dawa ya sonona inayosaidia na bulimia, na dawa hiyo duka lolote kubwa la dawa hapa mjini inapatikana. Lakini tiba yenyewe hasa ni mazungumzo, kila wiki, vikao kama ishirini, na mtu aliyefundishwa. Sisi tunapata dakika kumi kila baada ya wiki sita, mlango wazi, kuna mwingine anachungulia. Mtaalamu wa lishe yupo jengo lingine, hajaongea na daktari wa akili hata siku moja, akamwandikia mdogo wangu… daieti ya kupungua! Bima nao wamegoma kulipia lishe, eti ni mambo ya urembo. Anayetaka kuwekewa puto tumboni la kupunguza uzito aende hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Puto sisi hatulitaki, nataja tu mjue huduma zimekaa wapi.

Na wanawake wenye uzito uliozidi wanaongezeka. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 uliwakuta asilimia 28 ya walio kati ya miaka 15 na 49. Hao wote wanasubiri karatasi?

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema haya ni magonjwa ya kizungu: Fiji walikuwa wanapenda miili minene kama sisi. Televisheni ilifika wilaya moja ya huko 1995, na wasichana wa shule wanaojitapisha hawakuwepo. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni tu, Insta haijazaliwa. Huku kwetu mtu anakazwa pande zote mbili: Desemba akipanda mlimani na mwili wanasema kanawiri, akishuka nao chuoni anaitwa bonge, akikonda wananong'ona ana ngoma.

Uliyeuliza dalili: anakimbilia bafuni kila baada ya mlo, mashavu kuvimba, makovu ya vidole, meno ya mbele kuanza kuliwa kwa nyuma. Ukiziona, dai kipimo cha potasiamu siku hiyo hiyo, usikubali dawa za vidonda kwanza.

Kama kuna anayemjua mwanasaikolojia wa matatizo ya kula Moshi, Arusha, hata Boma Ng'ombe, anayekaa na mgonjwa zaidi ya dakika kumi, niandikie. Nauli nitatafuta.

Na wewe uliyenifuata inboksi kuuliza ile chai ya boksi la pinki aliagiza kwa nani, maana kilo 17 kwa miezi minne si mchezo: soma uzi upya, kuanzia pale kwenye ndoo.