Ukoo wa Bibi Muheza: Neema anataka pitbull

JUMATATU

Neema (Denver): Shikamooni wakubwa. Msishtuke. Mimi na Baraka tunafikiria kuchukua mbwa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Ni pitbull, au amechanganya. Dume, miaka 3, ameshahasiwa.

Neema: [picha]

Mama Mdogo Rehema: Marahaba. Nimeshtuka.

Mama Mdogo Rehema: Hicho kichwa cha mbwa au cha kiboko? Na Imani ana miaka 7 humo ndani?

Daudi (Houston): 😂😂😂

Mjomba Samweli: Marahaba mwanangu. Mimi nimelisha mbwa wa kampuni ya ulinzi hapa Tanga miaka sita, sura hainitishi. Nauliza moja tu, mchana nani yupo? Wale wetu walifungiwa bandani alfajiri mpaka magharibi, wakifunguliwa wanararua hata ndoo. Watu wakasema mbwa wakali. Hata wewe ukifungiwa hivyo utauma.

Neema: Mjomba, hilo ndilo tumelijadili wiki nzima. Zamu zangu ni usiku, mara tatu kwa wiki, kwa hiyo mchana nipo. Ila siku hizo tatu nalala kama gogo. Imani akirudi shule mbwa atakuwa upande wa pili wa geti mpaka niamke. Hawaachwi wawili peke yao, hata dakika ya kwenda chooni.

Mama Mdogo Rehema: Geti. Ndani ya nyumba. Haya.

Zawadi: Bibi yuko hapa anauliza atalala wapi

Neema: Ndani, Bibi. Nje theluji.

Zawadi: Amecheka mpaka amekohoa. Anasema mbwa wa Babu alilala kwenye majivu jikoni na hakuwahi kumuuma mtu ila mkusanya kodi, na yule alistahili

Mama Mdogo Rehema: Mimi sicheki. Mbwa wamejaa dunia nzima, kwa nini hao? Si ndio wanaofugwa kwa kupiganishwa?

Daudi: Mama Mdogo, mwaka 2007 walikamata pitbull zaidi ya 40 kwenye eneo la Michael Vick kule Virginia, yule aliyekuwa mchezaji wa Atlanta Falcons, timu ya futiboli ya Kimarekani. Mbwa wa mapigano kabisa. Kuna waliotaka wauawe wote. Wakapimwa mmoja mmoja, wengi wakaokolewa, wengine wakaenda kuishi majumbani na watoto.

Mama Mdogo Rehema: Hao arobaini nimefurahi. Mimi naulizia huyu mmoja.

Neema: Swali zuri, Mama Mdogo, na ndilo nililoenda kulitafutia jibu. Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni, sikumwita. Alizunguka chumba chote akinusa kona, akaja akanigeuzia mgongo, akaniegemea kwa uzito wake wote, kilo 27, akashusha pumzi kama mzee aliyefika kituo cha basi. Hapo moyo ulishaondoka, nakiri. Ndiyo maana nikarudi. Mara ya pili alipita mbwa mwingine koridoni, akakakamaa mwili mzima, mkia juu, hakubweka. Mhudumu akaniambia wazi, huyu akae nyumba isiyo na mbwa mwingine, na akiwa anakula asisogelewe. Amerudishwa mara mbili. Wa kwanza walihama wakamwacha, wa pili walikuwa na mbwa wao wakapigana. Mara ya tatu nilikwenda na Imani, hakumshika mpaka mbwa mwenyewe alipomfuata.

Mjomba Samweli: Mhudumu aliyekuambia ubaya wake ni mtu wa kumwamini. Chanjo ya kichaa?

Neema: Lazima, Mjomba. Denver ilipiga marufuku pitbull tangu 1989. Novemba 2020 wananchi wakapiga kura, sasa wanaruhusiwa kwa kibali. Mji unamkagua wenyewe kuamua kama ni pitbull au la. Awe na chanjo ya kichaa, chipu ya utambulisho chini ya ngozi, amehasiwa, na utoe majina ya watu wawili wa dharura. Miaka 3 bila kosa, kibali maalumu kinaisha, anakuwa mbwa kama mbwa wengine.

Mama Mdogo Rehema: Kumbe mbwa ana wadhamini. Mimi mkopo wa kikundi walinitaka mmoja.

JUMATANO

Neema: Kuna kikwazo. Mkataba wa nyumba. Ukurasa wa mwisho kabisa wameorodhesha aina za mbwa wasiotakiwa, na pitbull ndiye wa kwanza.

Daudi: Andika Labrador mchanganyiko. Huku kila mtu anafanya hivyo. Hata kituoni wanakisia kwa macho tu, wakipima vinasaba mara nyingi wanaumbuka.

Neema: Ni kweli wanakisia. Lakini mkaguzi wa mji akiandika pitbull na mimi nimeandika Labrador, mwenye nyumba ana haki ya kunipa notisi. Nitachagua nini, Imani alale wapi au mbwa alale wapi? Mbwa anarudi kituoni mara ya tatu. Nimemwandikia mwenye nyumba ukweli, na picha, na barua ya kituo.

Mjomba Samweli: Safi.

Daudi: Atakataa.

Neema: Najua.

IJUMAA

Neema: Amekataa. Kwa adabu, lakini amekataa.

Mjomba Samweli: Pole sana.

Zawadi: Bibi anasema pole, na anauliza mbwa anaitwa nani

Neema: Biscuit. Jina la kituoni hilo.

Zawadi: Anasema hilo si jina, hilo ni kitafunwa

Neema: 😂 Nimewapigia kituoni kuwaambia wasimshikilie kwa ajili yangu, akitokea mtu mwenye nyumba yake wampe. Mkataba wetu unaisha Agosti, tumeanza kutafuta penye uwanja na mwenye nyumba asiye na orodha. Kwa sasa nimejiandikisha kujitolea. Jumapili nampeleka matembezi, kamba fupi, upande usio na mbwa.

Mama Mdogo Rehema: Jumapili hii?

Neema: Ndiyo Mama Mdogo, saa nne asubuhi.

Mama Mdogo Rehema: Baridi hiyo umvalishe kitu.

Mama Mdogo Rehema: Na unitumie tena ile picha. Ya kwanza niliifuta.